Likizo ya mtu mmoja: kwa treni hadi miguuni pa Usambara

Ndugu msomaji, hebu jiulize: likizo yako ya mwaka jana iliishia wapi? Kwa wengi wetu jibu ni lile lile. Wiki ya kwanza ilikwenda msibani, ya pili ikaliwa na harusi ya mtoto wa binamu, ya tatu akaichukua fundi wa paa, na ya nne ikatumika kutafuta fedha za kulipia hizo tatu za mwanzo. Mfanyakazi akarejea kiwandani au ofisini amechoka kuliko alivyoondoka.

Hapana anayesema kwamba misiba na harusi si wajibu. Mtu ni watu, na asiyezika hazikwi. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo katika kila mzunguko wa miezi kumi na miwili, na shabaha ya siku hizo ni kumpumzisha yeye aliyefanya kazi. Ikiwa siku 21 zitakwenda kwa ndugu, jamaa na nyumba inayovuja, si dhambi kuzitenga siku 7 kwa ajili ya kuiona nchi yako. Makala haya yanakusudia kukueleza jinsi ya kuzitumia siku hizo saba kwa safari ya peke yako, kwa treni, ukipita chini ya milima ya Usambara, ukituama Korogwe, ukivuka hadi Handeni, kisha ukipanda mlimani Lushoto.

UNAKWENDA KWA NANI?

Kikwazo cha kwanza cha safari ya namna hii si nauli. Ni swali utakaloulizwa nyumbani: “Unakwenda kwa nani huko?” Kwetu sisi mtu husafiri kwa sababu ya mtu. Akisema kwamba anakwenda kutazama milima, tena peke yake, baadhi watadhani amekorofishana na mwenzake, na wengine watadhani anaficha jambo.

Dawa ya swali hilo ni kulijibu mapema. Keti na mwenzako wa nyumbani miezi miwili kabla ya likizo, umwonyeshe siku, njia na fedha. Mwachie jina la kila nyumba ya wageni utakayolala, na mkubaliane saa moja ya kila siku ya kupigiana simu. Kisha jambo kubwa kuliko yote: mkubaliane kwamba zamu ijayo ni ya kwake. Mama afanyaye kazi dukani mchana na jikoni usiku naye ana siku zake 28, na mara nyingi yeye ndiye asiyezionja hata moja. Safari ya peke yako isiyokuwa na zamu ya mwenzako ni ubinafsi. Yenye zamu ni utaratibu wa nyumba.

Wala usione kwamba kusafiri peke yako ni desturi ya kigeni. Katika nchi hii unayokwenda kuitazama, simulizi maarufu kuliko zote ni ya msafiri aliyetoka kwao bila ya cheo wala mali. Mbegha alikuwa mwindaji wa Ngulu, milima iliyomo katika wilaya ambayo leo inaitwa Kilindi, na ambayo hadi mwaka 2002 ilikuwa sehemu ya Handeni. Simulizi husema ndugu zake walimnyima urithi, akaondoka na mbwa wake wa kuwindia, akakaa Kilindi, kisha akavuka bonde hadi Usambara. Huko aliwaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya watu, akagawa nyama kwa ukarimu, na mwisho Washambaa wakamweka kuwa mtawala Vuga. Ukoo wake ndio Wakilindi, na habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu cha Habari za Wakilindi. Kitafute kabla ya kuondoka. Safari yako nawe itavuka bonde lile lile.

RELI ILIYOKWENDA KWA KUSITASITA

Ni vema msafiri aijue njia anayopita. Reli ya Tanga ndiyo ya kwanza kujengwa katika nchi yetu. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, wakiwa na tamaa ya kuyafikia mashamba ya kahawa waliyoyafungua milimani. Kampuni iliyoijenga ilifika Muheza mwaka 1896, mwendo wa kilomita 40 tu, ikaishiwa fedha. Mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Reli ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kutoka Tanga hadi Korogwe ni kama kilomita 84. Basi piga hesabu mwenyewe, utaona kwamba kwa wastani walitandika kilomita tisa kwa mwaka, kwa jasho la Waafrika waliochimba tuta na kubeba mataruma. Waingereza waliifikisha Arusha mwaka 1929.

Kwa muda mrefu reli hiyo haikuungana na Reli ya Kati. Mtu wa Dar es Salaam hakuweza kupanda treni mjini kwake akashuka Korogwe. Kiungo cha kutoka Ruvu hadi Mruazi, chenye urefu wa kilomita 188, kilifunguliwa mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru. Ndicho utakachopita wewe.

Kisha zikaja siku mbaya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli la pamoja lilivunjika nayo, na kila nchi ikabaki na mabehewa yake na madeni yake. Barabara ya lami ikavuta abiria, mabasi yakaongezeka, na katika miaka ya 1990 treni ya abiria ya kaskazini ikakoma. Majani yakaota kati ya pau mbili za chuma. Watoto wa Mombo na Same walikua wakaoa na kuolewa bila kuona treni ya abiria ikisimama kwao. Baada ya zaidi ya robo karne, mwezi Desemba 2019, treni ya abiria ikarejea kati ya Dar es Salaam na Moshi, na mwaka 2020 ikafika tena Arusha.

Usiichanganye na treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 na kuendelea hadi Dodoma. Hiyo ni reli nyingine, pana zaidi na ya kasi. Ya Korogwe ni reli ya zamani yenye upana wa mita moja, na mwendo wake ni wa pole. Mwenye haraka apande basi. Anayetaka kuona, huu ndio mwendo wake.

ULIZA SAA KABLA YA NAULI

Hapa ndipo wasafiri wengi hupotea, na ndipo mpango mzima unaposimama au kuanguka. Mtu hufika dirishani akauliza: “Nauli ni kiasi gani, na treni inaondoka lini?” Hayo ni maswali mazuri, lakini anayesafiri kutazama nchi anapaswa kutanguliza swali jingine: “Treni itapita Korogwe na Mombo saa ngapi?”

Sababu ni hii. Tangu iliporejeshwa, safari ya kaskazini imekuwa ya kulala njiani. Treni huondoka Dar es Salaam mchana au jioni, na abiria wa Moshi na Arusha huamkia karibu na mwisho wa safari. Maana yake ni kwamba milima ya Usambara, ile uliyoifuata, hupitwa gizani wewe ukiwa umelala na blanketi. Treni ya kurudi nayo huipita usiku. Yuko mtu atakayelipa nauli ya kwenda na kurudi, asione hata jiwe moja la Usambara.

Basi fanya mambo matatu.

Kwanza, usisafiri moja kwa moja. Kata tiketi ya kushukia Korogwe, ulale hapo, na vipande vya milimani uvipite mchana. Barabara kuu na reli hupita katika bonde moja, bega kwa bega, hivi kwamba ukipanda basi dogo la Korogwe hadi Mombo asubuhi utayaona yale yale ambayo treni huyapita usiku.

Pili, fuata mwezi. Mzee yeyote wa pwani atakwambia kwamba kati ya mwezi kumi na tatu na mwezi kumi na sita, kwa hesabu ya mwezi mwandamo, usiku huwa na mwanga wa kutosha kuona kilele na bonde. Ukiweza, panga safari yako iangukie usiku huo. Mlima ukiutazama kwa mbalamwezi kutoka dirishani, na taa za behewa zikiwa zimefifia, huonekana mkubwa kuliko mchana.

Tatu, ukiendelea na safari kuelekea Moshi, uliza treni itakuwa wapi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wakati jua linapochomoza. Huenda ikawa katika nyanda za Same chini ya milima ya Upare, au ikawa inakaribia Kahe. Hapo uwe umekwisha kunawa uso. Mlima Kilimanjaro, wenye mita 5,895, huonekana vizuri alfajiri na asubuhi mapema. Jua likipanda, mawingu huufunika.

Na kiti? Ukitoka Dar es Salaam, keti upande wa kulia. Kuanzia Korogwe kwenda mbele, Usambara na Upare vyote viko mkono wa kulia wako. Mkono wa kushoto ni bonde la mto Pangani, na ng'ambo yake nyika inayonyooka kuelekea Handeni na Umasaini.

Siku za treni nazo hubadilika, na mvua za masika zimekwisha kuharibu tuta zaidi ya mara moja. Kwa hiyo usitegemee karatasi ya mwaka jana wala maneno ya jirani. Uliza stesheni wiki mbili kabla, na uulize tena siku mbili kabla. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo salama kuliko mingine, ingawa Julai baridi ya Lushoto huwashangaza watu wa Temeke na Magomeni. Chukua sweta.

SHUKA KOROGWE

Korogwe si mji wa kupigiwa picha. Ni mji wa joto, kama mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, wenye stesheni, soko, kituo cha mabasi na vyuo. Lakini ni mahali pa kusomea nchi. Toka asubuhi kabla jua halijawa kali, uulize njia ya kwenda mtoni.

Mto ni Pangani. Maji yake yametoka mbali: mengine Kilimanjaro, mengine Meru, na hapa Korogwe huongezewa na mto Lwengera, unaoshuka katika bonde linalotenga Usambara ya Mashariki na ya Magharibi. Chini kidogo, huko Hale, maji hayo hayo yamekuwa yakizungusha mitambo ya umeme tangu mwaka 1964. Taa inayowaka nyumbani kwako huenda iliwahi kuwa tone la mvua juu ya mlima utakaoupanda keshokutwa.

Kisha tazama mkonge. Mwaka 1893, mwaka ule ule reli ilipoanzwa, Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilipofika pwani yetu, 62 tu ndiyo iliyokuwa hai. Kutokana na hiyo 62 yakaenea mashamba ya Tanga, Korogwe hadi Morogoro, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ikaongoza duniani kwa kutoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kahawa iliyofuatwa na reli haikustawi kama walivyotumaini. Mkonge ndio ulioijaza mabehewa. Makumi ya maelfu ya watu walitoka mikoa ya mbali, na hata nchi jirani, kuja kukata mkonge, na wajukuu wao bado wako Korogwe. Kisha kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi kuwa pori. Ukitembea pembezoni mwa shamba utaona mistari iliyopandwa jana na mistari iliyosahauliwa, jirani kwa jirani.

Usiingie shambani wala kiwandani bila ruhusa. Nenda ofisini, piga hodi, eleza wewe ni nani. Mtu aliye peke yake hukaribishwa upesi kuliko kundi. Hiyo ni faida mojawapo ya safari hii.

HANDENI, UPANDE USIO NA RELI

Wasafiri wengi wakifika Korogwe hugeuza uso kuelekea milimani. Wewe geukia kwanza upande wa pili. Kutoka Korogwe hadi mji wa Handeni ni kilomita 65 kwa barabara ya lami, na mabasi madogo huenda kila siku. Lala huko usiku mmoja.

Kwa nini Handeni, ambako hakuna treni wala mlima mrefu wa kutazamwa? Kwa sababu milima huvutia macho, lakini nyika ndiyo inayoeleza thamani ya milima. Wakoloni walipeleka reli walikotumaini mavuno ya kuuza Ulaya. Iliambaa na miguu ya Usambara, ikaiacha Handeni kando. Ukisimama sokoni Handeni na kuuliza mahindi, ufuta na machungwa vinasafirishwaje, utafahamu kwamba mstari uliochorwa na watu wa kigeni zaidi ya miaka mia moja iliyopita bado unaamua nani yu karibu na nani yu mbali.

Jambo la pili ni maji. Nchi ya Wazigua ni kavu kuliko Usambara, na kwa miaka mingi mji wa Handeni umetegemea bomba kuu linalovuta maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Yale maji uliyoyaona jana chini ya daraja ndiyo wanayoyasubiri hapa kwa ndoo. Uliza mwenyeji wako bei ya ndoo moja wakati wa kiangazi. Jibu lake litakupa macho mengine utakapouona msitu wa Usambara, kwani msitu ukifyekwa juu, ndoo hukauka chini.

Na liko jambo la tatu, la watu. Katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa wakauzwa utumwani Somalia. Wajukuu zao walihifadhi lugha ya Kizigua huko kwenye bonde la mto Juba kwa zaidi ya miaka mia moja. Vita vilipozuka Somalia mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikimbia, na baadhi yao wakaja Tanzania, nchi ambayo wazee wao waliitaja kuwa ni kwao. Walipewa makazi wilayani Handeni, kwanza Mkuyu na baadaye Chogo, na mwaka 2009 wengi walianza kupokea uraia wa Tanzania. Wenyeji waliwasikia wakisema Kizigua, wakaelewana. Ndugu msomaji, ikiwa umechoka kuulizwa “unakwenda kwa nani”, fikiria watu hao, waliokwenda kwa ndugu ambao hawakuwahi kuwaona.

Siku ya gulio hutofautiana kijiji hadi kijiji. Uliza kabla, kwani ukifika siku ya gulio utaona Wazigua, Wamasai, Wasambaa na Wanguu wakipatana bei katika uwanja mmoja, na hilo halina kiingilio.

KUPANDA MLIMA

Siku ya nne rudi Korogwe, kisha endelea hadi Mombo, kama kilomita 45 mbele kwa kufuata reli. Mombo ndipo treni na mlima vinapokutana. Kutoka hapo barabara ya kilomita 33 hupanda kwa kujipindapinda hadi Lushoto, ukipita Soni penye maporomoko ya maji. Muda mfupi tu unatoka kwenye joto la mibuyu hadi kwenye baridi ya mita 1,400. Wenye kichefuchefu wakae mbele.

Lushoto utakuta mapeasi, plamu, kabichi na viazi vikipakiwa kwenda Kariakoo. Mboga uliyokula mwezi uliopita huenda ilishuka kwa barabara hiyo. Tenga asubuhi moja kwa msitu wa Magamba, ukiongozwa na mtembeza wageni mwenye kibali, upate kuwaona mbega weusi wenye mabega meupe. Tenga alasiri moja kwa Irente, mwendo wa kama saa moja na nusu kwa miguu kutoka mjini. Hapo mlima unakatika ghafla kama ukuta, na chini kabisa, zaidi ya vile unavyodhani, iko nyanda ya Mazinde yenye mistari ya mkonge.

Keti hapo, usiharakie kupiga picha. Kule chini Mazinde ndiko Semboja, mwana wa Kimweri wa Vuga, alikoweka makao yake katika karne ya 19. Baba yake alitawala kutoka juu, mahali pa mvua na migomba. Semboja aliona kwamba misafara ya pembe na watumwa inapita chini, naye akaifuata huko, akapata bunduki. Kimweri alipokufa mwaka 1862 nguvu ilikwisha kushuka bondeni, na nchi ikaingia vitani. Reli nayo ilipita kule kule misafara ilikopita. Ukiyaona yote hayo kwa mtazamo mmoja, bonde, mkonge, njia na nyika inayoishia kwenye ukungu wa Handeni ulikolala juzi, utakuwa umesoma historia ambayo mwalimu angehitaji muhula mzima kuifundisha.

HESABU YA MFUKO

Safari hii haimfai tajiri peke yake, lakini haimfai asiyehesabu. Gawa fedha zako mafungu manne: nauli, malazi, chakula na dharura. Fedha ya kurudi nyumbani iweke mbali na mengine yote, iwe mwiko kuigusa, hata ukiona kitenge kizuri namna gani. Fedha nyingine ziache katika simu, lakini kumbuka kwamba simu huzimika na mtandao hukatika. Chenji kidogo mfukoni ni lazima.

Ndani ya treni iko daraja la tatu, daraja la pili la kukaa na daraja la pili la kulala. Mtu aliye peke yake na anayetaka kutazama mchana kesho yake atafaidika na kitanda. Anayetaka mazungumzo, daraja la tatu halina mshindani, ila mzigo wake uwe mdogo, uweze kuushika miguuni. Begi moja linatosha: nguo za siku tatu, sweta, kanga au shuka, tochi, dawa zako, chupa ya maji, kitambulisho na daftari. Chakula cha njiani nunua stesheni. Machungwa, mayai ya kuchemsha na karanga havijawahi kumwangusha msafiri. Usipokee kinywaji kilichofunguliwa na mtu usiyemjua, awe mwungwana namna gani.

Ukifika usiku Korogwe, usianze hapo kutafuta pa kulala. Piga simu nyumba ya wageni mapema, uwaambie saa ya treni na kwamba inaweza kuchelewa. Mwanamke anayesafiri peke yake achague nyumba iliyo karibu na stesheni au kituo cha mabasi, na amwombe mwenyeji ampeleke mtu wa kumpokea. Ukikaa kijijini usiku mmoja, jitambulishe ofisi ya kijiji. Mgeni anayejulikana hulindwa na kijiji kizima.

Mwisho, panga siku zako kuanzia siku za treni, si kuanzia siku unayopenda. Andika kwanza siku ambazo treni inapita Korogwe kwenda juu na kushuka chini, ndipo uingize Handeni na Lushoto katikati. Siku ya kuteremka mlimani iwe siku ya treni, nawe uwe Mombo mapema kabla ya magharibi. Uliza pia kama treni itasimama Mombo siku hiyo. La sivyo, rudi Korogwe ukaipandie huko.

ABIRIA NDIYE RELI

Liko jambo moja la kuzingatia, ambalo ni kubwa kuliko starehe ya mtu mmoja. Reli hii ilikwisha kufa mara moja. Haikuuawa na mvua wala na kutu, maana mvua na kutu vilikuwako tangu mwaka 1893. Iliuawa na uzembe wa kuitunza na upungufu wa mabehewa, pamoja na uamuzi wa maelfu ya watu, mmoja mmoja, wa kutoisubiri. Sasa imerudi, ikiwa na abiria wake wachache waaminifu: akina mama wa biashara ndogondogo, wanafunzi, wazee wanaoogopa mwendo wa mabasi. Kila tiketi inayokatwa stesheni ni hoja mezani pa wale wanaopanga bajeti ya tuta, daraja na injini. Kila kiti kitupu nacho ni hoja ya upande wa pili.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwezi wako wa likizo ukikaribia, usingoje mpaka msiba au harusi ikuchagulie njia. Jumamosi hii pita stesheni, uulize treni ya kaskazini inaondoka siku zipi, na inapita Korogwe saa ngapi. Andika jibu katika daftari, urudi nalo nyumbani, umwonyeshe mwenzako. Kisha mwulize naye, zamu yake ikifika, angependa kwenda wapi.